Mwalimu Aliyeogopa Ukurasa wa Pili

Mwalimu wetu wa uhazili aliogopa ukurasa wa pili. Ukurasa wa kwanza haumtishi mtu, alisema, maana una kichwa cha habari, una tarehe, na kila kolamu ina jina lake juu. Balaa linaanza pale karatasi inapokwisha na jedwali bado linaendelea. Hapo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaivaa tena na kuinama mpaka pua ikakaribia kioo cha kompyuta, na darasa zima tukajua kuna mtu anakwenda kuumbuka.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuulizwaulizwa. Nilimkuta ana darasa lake hapo mtaa wa Chemchem, Tabora, chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa, na kompyuta kuukuu alizozifunika vitambaa vya kufuma kama watu wanavyofunika redio. Mtaani walimwita Mwalimu wa Uhazili. Sisi tulimwita Mwalimu tu, na mpaka leo nikisikia mtu anasema Mwalimu bila kutaja jina, ninakaa wima kwenye kiti.

Lakini nianze na jambo linalonisumbua, ili msomaji asidhani namletea habari za kompyuta peke yake. Mwaka huu barabara mpya ya kuzunguka mji ilipimwa, na vipimo vikaangukia makaburi ya zamani, yale ambamo Mwalimu alimzika binti yake na baadaye mume wake. Ikaamuliwa makaburi yote yahamishwe. Aliyepewa kazi ya kuchapa jedwali la makaburi hayo ni mimi, mwanafunzi wake, na Mwalimu alizipata habari hizo kabla sijapata ujasiri wa kumwambia.

Ili uelewe kwa nini niliogopa, lazima kwanza umwone darasani.

Kosa letu kubwa lilikuwa moja, na nadhani kila aliyejifunza kompyuta kwa kuchungulia bega la mwenzake analifanya. Jedwali likivuka kwenda ukurasa wa pili, tuliona kolamu hazina majina juu. Basi tuliandika majina yale kwa mkono wetu, tukayapachika juu ya kila ukurasa: Jina, Kijiji, Sahihi. Ukiliangalia, jedwali linapendeza. Mwalimu alikuja taratibu, akasema vizuri sana, halafu akaongeza mtu mmoja kwenye ukurasa wa kwanza. Basi. Kila kitu kilishuka ngazi moja, na majina ya kolamu yakajikuta katikati ya karatasi, yamebanwa kati ya mkulima huyu na mkulima yule.

"Nani huyu amevaa kofia kiunoni?" aliuliza, na tukacheka kwa woga, kila mtu akiombea lisiwe jedwali lake.

Wengine walisukuma mistari ya jedwali kwa kubonyeza Enta, Enta, Enta, mpaka mtu aliyekatika nusu ashuke mzima ukurasa unaofuata. Hao aliwauliza kama wanaswaga ng'ombe. Kisha akaonyesha njia yake, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko maneno yake. Mstari wa juu unauambia mara moja tu kwamba wewe ni kichwa, nao utajirudia wenyewe kila ukurasa. Mistari mingine unaikataza isikatike katikati. Na kama kuna mistari miwili isiyotakiwa kuachana, unaufunga wa juu na wa chini yake, ili ukurasa ukijaa ihame yote miwili pamoja. Hilo la mwisho alilipenda kuliko yote. Alilisema kwa kifupi, mfunge na mwenzake, na alilisema mara nyingi hata tukawa tunalitania tukiona wapenzi njiani.

Alikuwa na mtihani wake ambao sijauona kwingine. Ukimaliza kazi, alichomoa karatasi moja kutoka katikati, akatoka nayo nje, akampa mtu yeyote anayepita, muuza karanga, fundi baiskeli, mama anayetoka sokoni. Alimwomba amwambie karatasi ile inahusu nini. Mtu yule akisema anaona majina na namba tu, ulirudi kuanza upya. Sisi tulilalamika kwamba hakuna mtu anayesoma ukurasa wa katikati peke yake. Mwalimu alisema karatasi hazikai pamoja. Upepo, pini iliyolegea, karani mwenye haraka, zote hizo ni adui, na kila karatasi lazima ijitegemee siku itakapopotezana na ndugu zake.

Hofu hiyo ilikuwa na mahali ilipotoka. Zamani, kabla ya kuwa na darasa, aliwachapia wakulima wa tumbaku wa Urambo jedwali la marobota yao. Mkulima mmoja alikatika. Jina lake lilibaki chini ya ukurasa mmoja, marobota yake yakaenda juu ya ukurasa mwingine, na kituoni walikopeleka tumbaku, makarani waliokuwa wanasoma majina waligawana kurasa. Mmoja akasema huyu hana tumbaku, mwingine akasema hii tumbaku haina mtu. Watu walishikana mashati. Mwalimu alipopata habari hakungoja kuitwa. Alipanda treni kwenda Urambo na karatasi mpya kwenye mkoba, akamtafuta mkulima yule mpaka shambani, akamwomba radhi mbele ya mke wake. Mkulima alishangaa sana, maana mambo yalikuwa yamekwisha na yeye alikuwa ameshasahau. Mwalimu hakusahau. Alitusimulia kisa hicho kila mwaka, na kila mwaka sauti yake ilitetemeka palepale.

Nje ya darasa aliogopa mambo mengine mengi, na kwa kweli alituambukiza. Alitembea na mwavuli kiangazi chote. Flashi yake aliifunga kwenye pindo la kanga pamoja na nauli, na nyingine kama hiyo ilikaa nyumbani ndani ya kopo la chumvi, kwa sababu mwizi haibi chumvi. Ukimpa shikamoo alikujibu marahaba, umehifadhi? Hakungoja jibu la salamu bali la kazi. Masika yakianza na radi zetu hizi za Tabora, alitupigia simu mmoja mmoja, hata sisi tulioajiriwa tukawa na mabosi wetu, kutuambia tuchomoe nyaya ukutani. Mume wangu akiona jina lake kwenye simu alikuwa anasema, chomoa, mvua imefika Chemchem.

Msidhani basi kwamba alikuwa mtu wa mpangilio. Nyumbani kwake hapakuwa na sufuria yenye mfuniko wake. Sukari aliisahau dukani baada ya kuilipia. Kanisani kwao, Moraviani, aliingia wakati watu wanakaa baada ya wimbo wa kwanza, akapita mpaka mbele kama vile ibada ilikuwa inamngoja yeye. Mwandiko wake wa mkono ulikuwa mbaya hata yeye mwenyewe hakuusoma. Alikuwa pia na majivuno, tuseme ukweli. Akipata tangazo la serikali lililopangwa ovyo alilibandika ukutani darasani na kulisahihisha kwa kalamu nyekundu, na mgeni akiingia alimwelekeza pale kwanza kabla ya kumpa kiti.

Habari za mume na binti hakuzisema yeye. Alinisimulia mwenye nyumba, mzee wa Kiarabu mwenye lile duka la vitambaa, ambaye familia yake imefanya biashara Tabora tangu enzi za misafara. Hao wawili waligombana kila siku. Mzee alidai vidole vya wanafunzi vinapiga kelele kuliko mashine za ushonaji, Mwalimu akamjibu kwamba angalau vidole vinaingiza watu mjini. Lakini siku moja Mwalimu alichelewa kufungua darasa, nami nikakaa barazani na mzee, akaniambia nisiwe na wasiwasi, leo amekwenda kwa watu wake.

Binti alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi alipougua na kufa. Baba yake hakupona tena vizuri. Alipokuwa kitandani aliomba jambo moja tu, alazwe ubavuni kwa mtoto. Wakamlaza hapo. Upande wa pili wa mtoto palibaki nafasi, na Mwalimu alipokwenda kufagia alikaa hapohapo, miguu ameikunja, mwavuli juu ya kichwa. Mzee alisema kila mtu Chemchem anajua nafasi ile ni ya nani. Hata wachimbaji waliiruka walipowazika wengine.

Kwa hiyo unaona kwa nini niliogopa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Ofisi ya mradi wa barabara, ninakofanya kazi, ilitaka jedwali moja la makaburi yote ya Wakristo. Waislamu walikuwa na lao, na sheikh wao. Kila kaburi lilikuwa na mstari wake: namba, jina la marehemu, ndugu anayehusika. Mistari ilifuata jinsi makaburi yalivyolala, ili jirani abaki na jirani yake. Halafu kila ukurasa ungepewa kundi moja la wachimbaji, na kila kundi lingekuwa na safu yake kwenye makaburi mapya, nje ya mji kwa upande wa barabara ya Urambo. Ukurasa mmoja, kundi moja, safu moja. Mhandisi aliyetusimamia, kijana mpole aliyetoka Dar es Salaam, alieleza mpango huo kwa furaha, na mimi nilikaa pale nikiitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshaona kitakachotokea: ukurasa ukikatika kati ya ndugu wawili, watazikwa safu mbili.

Nilikwenda mbio kwenye kompyuta kutazama. Mume wa Mwalimu alikuwa mstari wa mwisho wa ukurasa mmoja. Binti yake alikuwa wa kwanza wa ukurasa unaofuata.

Niliwafunga. Nilifanya kama alivyonifundisha, na baba akaruka kwenda kwa mtoto. Nilishusha pumzi, lakini sikuiacha kazi ile ikakaa hivyo, kwa sababu jedwali halikutulia. Wafyekaji kule makaburini walikuwa wanaendelea kusafisha majani, na kila walipofyeka waliibua kaburi jingine, jiwe tupu, msalaba uliolala chini. Simu ililia: ongeza hapa, ongeza pale, huyu hayupo, huyu ni wawili. Kila nilipoongeza mtu, wote walio chini yake walishuka. Nilikuwa naota jedwali. Nilikuwa nakula chakula cha mchana na kijiko mkono wa kushoto, mkono wa kulia unapandisha na kushusha kurasa kuwatafuta wale wawili. Wenzangu ofisini walidhani nina mgonjwa nyumbani.

Mhandisi aliona pengo chini ya ukurasa ule, mahali baba alipohama. Akaniuliza mbona kundi hili lina kazi pungufu. Nilimweleza ukweli, kwamba ni baba na mwanawe na sitaki waachane. Alinitazama kidogo, akasema sawa, lakini nisifanye hivyo kwa kila mtu, maana kila mtu hapa ni baba wa fulani.

Ndipo Mwalimu alipokuja ofisini.

Alikuja na mwavuli, jua kali. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, na kwa mara ya kwanza hakuuliza kama nimehifadhi. Hilo lilinitisha kuliko kama angekuja analia. Alivuta kiti akaketi karibu yangu, upande wa kioo, lakini hakuinama kukitazama. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho na karatasi zote kwake zilikuwa ukungu. Aliniomba nimsomee ukurasa.

Nilimsomea namba na majina. Alisikiliza amefumba macho, midomo ikichezacheza.

"Wako ukurasa mmoja?"

"Wako pamoja, Mwalimu. Nimewafunga."

Kisha akaniuliza chini ya binti yake kuna nani. Nilisoma, alikuwa mzee mmoja wa mtaa wa Cheyo aliyekufa siku nyingi. Mwalimu akasema huyo na binti yake walikuwa wameachana kwa hatua kadhaa, kati yao palikuwa na nafasi.

"Weka mstari hapo kati," alisema.

"Wa nani, Mwalimu?"

"Uwe na namba tu. Usiandike kitu. Halafu uufunge na hao wawili."

Nilielewa polepole. Nilimwambia haiwezekani. Nilimweleza kwamba makaburi mapya yana utaratibu, kwamba hakuna kuwekeana nafasi, kwamba nitafukuzwa. Aliniacha nikamaliza yote, kama alivyokuwa akituacha tumalize kusoma jedwali bovu.

"Nimekwenda kuuliza kwa wanaogawa makaburi mapya," alisema. "Wameniambia watu walio hai hawaandikwi. Nimewaelewa. Ndiyo maana nakuambia usiandike jina."

"Na mhandisi akiuona?"

"Ataona namba. Mtu akikuta namba kwenye jedwali anaiheshimu, hata kama hajui ni ya nini."

Sikugusa kitu. Nje gari la mradi lilikuwa linawashwa na kuzimwa, linawashwa na kuzimwa. Mwalimu aligeuza uso wake kunielekea, ingawa sidhani aliniona.

"Naogopa, mwanangu," alisema. "Watanizika safu nyingine huko mbele, na watu nisiowajua. Na hawa wawili watabaki peke yao."

Katika miaka yote hakuwahi kuniambia anaogopa. Tulimwona anaogopa radi, umeme, wezi, ukurasa wa pili, lakini yeye hayo yote aliyaita umakini. Niliongeza mstari. Namba zilijipanga zenyewe, mzee wa Cheyo akasogea chini, na mstari mtupu ukakaa pale kati yake na mtoto. Nikaufunga. Mwalimu aliniuliza kama wamekaa watatu pamoja, nikasema ndiyo. Aliinuka, akashukuru kwa kunishika bega, akaenda zake.

Siku zilizofuata sikuwa mtu. Nilitaka kuufuta mstari ule asubuhi na jioni nilitaka kuutetea mbele ya hakimu. Mhandisi alipokaa kusaini kurasa, nilisimama mbele ya meza yake nikijifanya natafuta pini. Kalamu yake ilishuka kwenye ukurasa ule, ikasita juu ya mstari mtupu. Nikaona anahesabu kwa macho. Kisha simu yake ikalia, akasaini huku anaongea, akageuza karatasi. Nilitoka nje bila pini.

Kitu ambacho mimi sikukifikiria, na Mwalimu naye hakukifikiria, ni kwamba karatasi ile sasa inakwenda kwa watu wenye majembe. Sisi wawili tumeishi kwenye karatasi. Kwetu mstari ni nafasi tu.

Siku ya kuhamisha nilikwenda makaburi mapya mapema. Ndugu walikuwa wamesimama makundi makundi, kina mama wamejifunga kanga kiunoni, wengine wamekaa chini kwenye majani makavu. Mabaki yaliletwa kwenye visanduku vidogo vilivyofunikwa shuka nyeupe, na kila kundi lilisimama kwenye safu yake na karatasi yake. Niliitafuta safu yetu. Mwalimu alikuwa ameshafika, amesimama na mwavuli uliofungwa, na mbele yake kulikuwa na mashimo matatu.

Visanduku vilikuwa viwili.

Baba na binti walishushwa, wakafukiwa, watu wakaimba. Nyimbo zilipotulia, wachimbaji walisimama kulizunguka lile shimo la tatu na kutazamana. Msimamizi wao, Mnyamwezi mtu mzima mwenye kofia ya pama, alikuja na karatasi mkononi, akaiweka karibu na uso, akaisogeza mbali. Akauliza sanduku la namba hii liko wapi. Kwa mbali nilimwona mhandisi ameegemea gari.

"Karatasi ina namba, tukachimba," msimamizi alisema, kama anayejitetea. "Sasa kaburi haliwezi kulala wazi. Likilala wazi litatafuta mtu."

Watu walianza kunong'ona. Mama mmoja alimvuta mtoto wake nyuma. Hofu ile niliiona ikitembea kwenye safu nzima, mtu kwa mtu, na nikawaza, nimefanya nini mimi. Ndipo Mwalimu aliposogea mpaka ukingoni. Alinyoosha ncha ya mwavuli, akapapasa udongo kujua shimo linaanzia wapi.

"Ni langu," alisema.

Msimamizi alivua kofia. "Mayu, mama yangu, unasema?"

"Ni langu. Nilitaka nafasi, sikutaka shimo. Lakini mmeshachimba, mmefanya vizuri. Lifukieni."

Msimamizi alimtazama, akatazama yale makaburi mawili mabichi, akamtazama tena. Nadhani alielewa kila kitu kwa mara moja, kuliko nilivyoelewa mimi ofisini. Hakumuuliza karatasi wala ruhusa. Aliinama, akachota udongo kwa mkono, akaufungua mkono wa Mwalimu na kuumimina humo, kwa sababu kwa desturi mwenye msiba ndiye anayeanza. Mwalimu aliutupa. Ulianguka chini kabisa, shimo likiwa tupu, na mlio wake niliusikia. Wachimbaji wakafuata kwa majembe haraka haraka, hawakupumzika mpaka pakawa na tuta kama mengine, kisha msimamizi mwenyewe akapigilia kibao cha namba kichwani. Mhandisi alikuwa amekaribia. Aliliangalia tuta, akaniangalia mimi, nikangoja. Alirudi kwenye gari.

Nilikuwa nalia na sikujali. Mwalimu hakulia. Alisimama penye tuta lake, mikono yote miwili juu ya mpini wa mwavuli, akisikiliza.

Mchungaji alikuwa anaifuata safu yetu akiwa na nakala yake ya ukurasa, anasimama penye kila kaburi, anasoma jina na kuliombea, na watu wanaitikia. Alisoma jina la mume. Alisoma jina la binti, na Mwalimu akainamisha kichwa. Akapiga hatua nyingine, akatazama kibao, akatazama karatasi, akapitisha kidole kwenye mstari mara ya kwanza na mara ya pili. Akainua macho kwetu kutafuta msaada.

"Pita tu, mchungaji," Mwalimu alimwambia. "Huyo hajafika."

Mchungaji akapita. Akamsoma mzee wa Cheyo, akamwombea, na Mwalimu akaitikia Amina pamoja na wengine.